Isale la Chumbani

Watu wanaopenda miti ya ndani siku hizi huiweka sebuleni, kwenye vyungu vilivyopakwa rangi, ili wageni waisifie. Wa kwetu ulikaa kwenye debe la mafuta ya kupikia, chini ya dirisha la chumba kimoja tulimolala sote, na mgeni akiingia Mama aliusogeza nyuma ya pazia. Haukuwa pambo. Ndani ya udongo wa debe lile kilizikwa kitovu cha mdogo wangu.

Nieleze ilikuwaje, kwa sababu asiyejua atadhani mama yangu alikuwa mganga, na wapo waliodhani hivyo.

Tulikuwa wapangaji Kariakoo, katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma ambako wanawake wote walipikia. Baba alikuwa mpakiaji mizigo bandarini. Yeye na Mama walitoka kusini, upande wa Lindi, mimi nikiwa mgongoni. Kitovu changu kilibaki huko, chini ya mkorosho wa bibi, na kila nilipoleta ukaidi Mama alitishia kunirudisha kwenye mkorosho wangu. Nilikua nikijua kwamba nina mkorosho mahali fulani, kama mtoto mwingine anavyojua kwamba ana shangazi.

Mdogo wangu alipozaliwa, mkorosho ule haukuwa wetu tena. Watu wa kwetu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara kubwa, nyumba za zamani zikaezuliwa, mashamba yakaachwa yaote magugu. Mjomba ndiye aliyetuletea habari. Alisema bibi sasa anaishi kwenye mstari wa nyumba zinazofanana, na akitoka kuteka maji anarudi kwenye mlango wa mwenzake. Baba alicheka, nami nikacheka. Mama hakucheka. Alikuwa amekwisha kupanga safari ya kupeleka kitovu cha mwanawe kwao, na sasa hakuwa na kwao pa kukipeleka.

Kitovu hakitupwi. Mama alikifunga kwenye kitambaa, akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo akalining'iniza ukutani kwa kamba, maana kwetu panya wakikipata mtoto huwa mwizi. Kisha akaenda kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa mjane, Mzaramo wa hapo hapo mjini, mkali wa ulimi lakini si mbaya wa moyo. Mama aliketi mkekani kwake, akamwamkia, akaomba kipembe cha ua, pale karibu na mpapai.

“Mwanangu,” akasema yule mama, “kodi napokea, maji unachota, mtoto nakushikia. Hilo hapana.”

“Ni kitovu tu, mama.”

“Kitovu ndiyo mtu mwenyewe. Kikizikwa hapa, kesho keshokutwa mwanao anasimama hapo uani ananiambia hapa ni kwao. Nitamjibu nini?”

Siku hizo wenye nyumba walikuwa na hofu. Serikali ilikuwa imetaifisha majumba ya kupangisha kule mjini, yale ya ghorofa, na maneno yalizagaa kwamba zamu ya wengine inakuja. Serikali ingeichukua nyumba ile ya udongo na bati kuukuu iifanyie nini, sijui, lakini yule mama alilala na hofu yake na kuamka nayo, na hakutaka mtu mwingine awe na mizizi kwenye ua wake. Nilipokuwa mtu mzima nilimwelewa. Wakati ule nilimchukia kabisa.

“Basi nitakizika ndani,” Mama akatuambia chumbani, na kutoka siku hiyo ikawa kazi ya kutafuta mti wa kukaa ndani.

Kwanza alitaka mnazi. Watu wa pwani humpandia mtoto mnazi, ukue naye, siku moja anywe madafu yake. Wanawake uani walicheka mpaka mboga ikaungua. Mnazi chumbani! “Utatoboa bati,” mmoja akasema, “mwenye nyumba apande presha.” Mama akaleta mche wa mlimau, akauweka chini ya dirisha bila kitovu, aujaribu kwanza. Dirisha letu lilitazama ukuta wa duka la jirani, jua likiingia asubuhi kidogo na kuaga. Mlimau ukapukutisha majani, ukabaki kijiti. Akajaribu mkomamanga, nao ukafa. Mama akaanza kuogopa. Kila mti uliokufa aliutoa nje mwenyewe, ameufunika kwa khanga, kama anaficha aibu, na kila mara alitazama lile kopo ukutani akashukuru kwamba hakuwa na haraka.

Katika chumba kilichotazamana na chetu alikaa mwanamke wa Kilimanjaro, mke wa karani, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na viatu vya kufunga. Hakuwa na mtoto, kwa hiyo nyumba nzima haikujua imwite mama nani. Tukamwita Mama Moshi, basi, akaitika. Yeye na Mama walikuwa damudamu. Sukari ikija duka la ushirika, anayewahi foleni anamwekea mwenzake jiwe la kumshikia nafasi. Mmoja akikosa sabuni, mwingine anakata kipande. Mama Moshi alipoona mkomamanga unatoka umefunikwa khanga kama maiti, alimshika Mama mkono, akamwingiza chumbani kwake.

Nyuma ya mlango wake palikuwa na ndoo mbovu, na ndani yake mti wa majani marefu mabichi, yamepangana kuuzunguka mwili wake mwembamba.

“Dada, unahangaika bure,” alisema, huku anaukata shina kwa kisu cha jikoni. “Hili ni isale. Isale halifi. Linyime jua, linyime maji, litakusubiri.”

“Linazaa nini?”

“Halizai.”

“Sasa mtoto atakula nini?”

“Atakula wali, kama wenzake.”

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu mjomba aje. Kisha akauliza, “Kwenu lina kazi gani?”

Mama Moshi alifikiri kidogo kabla ya kujibu. Nakumbuka kufikiri kule, kwa sababu baadaye watu walikugeuza ushahidi. “Ni mti wa amani,” akasema. “Unakaa nyumbani. Unalinda boma.”

Mti wa amani, unaokaa nyumbani, usiokufa. Mama gani angekataa? Baba alileta udongo mweusi kutoka bonde la Jangwani kwenye gunia. Mama akatoboa debe chini kwa msumari, akatia changarawe, kisha udongo nusu, kisha kile kitambaa kutoka kwenye kopo, kisha udongo tena. Juu yake akachomeka kile kipande cha shina. Alisoma Fatiha kimoyomoyo, midomo ikicheza. Baba alisimama mlangoni akijifanya anatazama nje.

Nilijifunza kulea mti wa ndani kwa kumwangalia Mama. Hakuumwagilia kila siku, kama nilivyodhani. Alitumbukiza kidole kwenye udongo mpaka kwenye kiungo cha pili, na kikitoka kikavu ndipo aliposema, “Ana kiu.” Maji aliyateka jana yake, yalale kwenye mtungi kwanza. Vumbi la mtaani lilijaa kwenye majani, naye aliyafuta kwa kitambaa chenye maji, jani moja moja, kutoka shinani kwenda nchani, akilishikilia kwa chini kwa kiganja. Debe aliligeuza kila Ijumaa, kwa sababu mti hufuata dirisha, na usipougeuza unakua umepinda kama mtu anayechungulia. Mvua za kwanza zikinyesha tuliutoa nje usiku mmoja uoshwe, kisha tukauingiza. Baba aliuita mti ule mpangaji asiyelipa. Lakini nilimwona, akiwa anadhani yuko peke yake, akitia kidole kwenye udongo.

Mdogo wangu na ule mti walikwenda sawa. Alipoanza kusimama, alisimama kwa kushika debe. Alipoanza kusema, tulimfundisha kuamkia wakubwa, naye hakubagua. Kila asubuhi alisimama mbele ya mti akapaza sauti, “Shikamoo, isale!” Na kutoka chumba cha pili, ng'ambo ya ukumbi, Mama Moshi aliitikia kwa sauti nzito, “Marahabaa!” Mtoto aliamini kabisa kwamba mti umejibu. Aligeuka kututazama, macho yamemtoka kwa furaha, na sisi tulikaza nyuso. Sijui ni asubuhi ngapi alifanya hivyo. Zilikuwa nyingi, na hazikutosha.

Surua iliingia mtaani wakati wa joto. Watoto wengi waliugua, wengi wakapona, na sisi tuliamini wetu atapona. Alipoanza kuhema kwa shida, Baba alimbeba hospitali. Alirudi amemfunika uso kwa shuka, na Mama alijua kabla hawajafika kwenye baraza.

Kwetu wanawake hawaendi kuzika. Wanaume walimwosha, wakamvika sanda, na Baba akamchukua mikononi, maana mtoto mdogo hahitaji jeneza. Tulisikia wakimtaja Mungu, sauti ikishuka mtaani mpaka ikamezwa na kelele za soko. Mama hakuona kaburi, hakuona udongo ukiingia. Alibaki ameketi sakafuni mbele ya debe, na wanawake wengine walipomtaka akae mkekani nao, alisema, “Niacheni, na mimi niko kaburini.” Mama Moshi alikaa nyuma yake, amemshika mabega, analia kuliko sisi wote. Maneno yale ya Mama niliyakumbuka sana baadaye. Aliyasema yeye mwenyewe, kabla mtu yeyote hajamwambia lolote.

Siku ya hitima alikuja mtu mmoja aliyefanya kazi na Baba. Ujana wake alikuwa amefanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa Kilimanjaro. Baba alimwingiza ndani ampe Mama mkono wa pole. Akampa. Kisha akauona mti, kwa kuwa siku ile hakuna aliyekumbuka kuuficha.

“Ala, hili si isale?” alisema. “Kule Uchagani wanalipanda makaburini.”

Hakuwa na nia mbaya. Alisema kama mtu anayetambua sura aliyowahi kuiona. Baba alimtoa nje taratibu, akarudi, akafunga mlango.

“Nani alikupa mti wa makaburi?” akauliza, ingawa alijua vizuri.

Mama aliinuka. Alikwenda uani bila viatu, kichwa wazi. Mama Moshi alikuwa anaosha masufuria ya msiba wetu.

“Kwenu isale linapandwa wapi?”

Mama Moshi aliweka sufuria chini. “Dada, nilikwambia. Nyumbani.”

“Na makaburini?”

“Na makaburini. Na mlangoni. Na mpakani. Kwetu kaburi liko hapo hapo migombani, karibu na nyumba. Isale linakaa kila walipo watu wetu, wazima na waliolala.”

“Kwenu wafu wanalala nyumbani!” Mama alipiga kelele. Sijawahi kumsikia hivyo, kabla wala baada. “Sisi wetu tunawapeleka makaburini, tunawaachia Mungu! Wewe umeniletea kaburi chumbani, nikamtia mwanangu humo akiwa mzima! Huna mtoto wewe, ulitaka na mimi nisiwe naye!”

Mwenye nyumba alitoka, akamkokota Mama ndani. Mama Moshi aliinama, akaendelea kuosha lile sufuria, na lilikuwa safi tayari.

Baada ya siku kadhaa, asubuhi, alikuja mlangoni petu. Alivaa gauni la kanisani na vile viatu vya kufunga, na haikuwa Jumapili. Hakubisha hodi, yeye aliyekuwa akibisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Mkononi alishika jani moja la isale, limefungwa fundo katikati. Alilinyoosha kwa mikono miwili, kichwa chini, bila kusema neno.

Mama alilitazama lile jani, kisha akanitazama mimi.

“Jingine?” akasema. “Hili la nani? La huyu?”

Mama Moshi alitikisa kichwa, lakini hakufungua kinywa. Aliendelea kunyoosha mikono. Mama akavuta pazia. Chini ya pazia niliviona vile viatu. Vilisimama pale muda mrefu, mpaka nikataka kulia, kisha vikageuka.

Haukupita muda mumewe akapata uhamisho. Tulisikia mkokoteni ukipakiwa barazani, kitanda, meza, ndoo. Mama alikuwa ndani anachambua mchele, na aliuchambua mpaka mkokoteni ukaondoka.

Ule mti sasa hakujua aufanye nini. Kuutupa ni kumtupa mwanawe. Kuutunza ni kutunza kilichomwua, kama alivyoamini. Akausukuma nyuma ya mlango kwenye giza, akaacha kuumwagilia, ili ufe wenyewe na asiwe yeye aliyeua. Mti haukufa. Miezi ilipita. Majani ya chini yaligeuka njano, yakadondoka, vumbi likajaa, na juu kabisa likachipua jani jipya, bichi. Tuliambiwa tangu mwanzo kwamba litasubiri.

Siku moja nilirudi kutoka shule nikamkuta Mama sakafuni, debe limerudi chini ya dirisha, anafuta majani kwa pindo la khanga yake na machozi yanamtiririka.

“Umempita urefu,” aliniambia. “Angekuwepo angekuwa mfupi kuliko huu.”

Akatumbukiza kidole kwenye udongo.

Nilipomaliza chuo cha ualimu, serikali ilinipangia Kilimanjaro. Siku hizo hukuchagua. Nilifika huko nikayaona masale kila mahali, kwenye mipaka, kwenye milango, na kwenye makaburi meupe katikati ya migomba, na moyo ukaniuma kila nilipopita. Sikumwuliza mtu. Niliona nilishajua.

Kisha siku moja, nyumbani kwa mwalimu mwenzangu nilikopanga, alifika ndugu yake ambaye walikuwa hawajasemeshana miaka mingi kwa ajili ya mpaka wa shamba. Alikuja amevaa koti. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni na jani la isale lenye fundo, amelinyoosha kwa mikono miwili, kimya. Mwalimu yule aligeuka rangi kwa hasira. Nilidhani atampiga. Lakini alikwenda, akalipokea, na wote wawili wakaanza kulia.

Nikamwuliza mkewe jikoni. Akashangaa kwamba sijui. “Ni kuomba radhi,” akasema. “Hata kama hukukosa, ukimpenda mtu kuliko ugomvi unampelekea isale. Husemi kitu. Jani ndilo linasema. Na ukiletewa huwezi kukataa.”

“Na mtu akikataa?”

Alicheka. “Nani akatae isale?”

Niliuliza na wengine. Wote walicheka vile vile.

Likizo nilishuka Dar es Salaam. Nilimkuta Mama chumba kile kile. Debe lilikuwa limeoza kwa kutu, naye, ili asiuguse udongo wake, alikuwa amelitumbukiza zima zima kwenye pipa lililokatwa nusu na kujazia udongo pembeni. Mti uligusa bati, ukajipinda. Nilikaa kitandani nikamweleza yote, lile koti, lile fundo, ile mikono miwili. Alinisikiliza ameshika kikombe cha maji.

“Mbona hakusema?” akauliza.

“Kwao halisemwi, Mama.”

Mama aliweka kikombe chini. Kisha akavuta jani moja, bichi, akalikata kwa kucha, akalifunga fundo. Mikono yake haikujua, ikabidi alifungue alifunge tena.

“Ukirudi umtafute. Umpe.”

“Nimtafute kwa jina gani?”

Miaka yote ile ya foleni na sabuni na asubuhi za shikamoo, tulimwita Mama Moshi. Na huko Moshi, kila mama ni mama wa Moshi.

Akaliweka jani mapajani, akalilainisha kwa kiganja kama alivyokuwa akiyafuta mengine.

“Na anayelikataa,” akauliza, “wanamfanyaje?”

Nilimwambia ukweli. Niliuliza, na hawakuwa na jibu. Hawajawahi kumwona mtu wa hivyo.

“Basi ukirudi waambie yupo,” Mama akasema. “Waambie yuko mmoja, Kariakoo.”

Kisha akatumbukiza kidole kwenye udongo, akaona ni mkavu, akaumwagilia ule mti maji yaliyokuwa kwenye kikombe.